Hodi ya Jicho

Waswahili wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husemwa kila siku, na kwa kuwa husemwa kila siku ni wachache wanaosita kuuliza mwenyeji huyo anaumwa nini hata akahitaji kuponywa, na mgeni amebeba dawa gani mkobani mwake. Wazee waliifasiri kwa wali na kitoweo: siku ya mgeni ndiyo siku anayochinjwa kuku, na watoto wa nyumba nao wakapata kushiba. Ni fasiri ya kweli, na ina ucheshi wake. Lakini katika zama hizi ambamo mgeni haji tena kwa udugu wala kwa biashara, bali huja kutazama na kwenda zake, methali imebebeshwa mzigo ambao waliyoitunga hawakuujua. Imegeuka hoja ya uchumi.

Mkaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja anaufahamu mzigo huo kwa uzito wake. Tangu mji uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mlango wa nyumba umekuwa na kazi mbili: kufungwa na kufunguliwa kwa wenyewe, na kutazamwa kwa wasio wenyewe. Bibi anayetoka kumwaga maji ya kufulia hukuta kamera imekwisha kumtangulia kizingitini. Hakuna aliyebisha hodi, kwa sababu aliyekuja hakutaka kuingia. Alitaka kuona tu. Na adabu za pwani, ambazo ziliuwekea mguu mpaka wa hodi, jicho ziliuachia nusu ya njia. Kuchungulia dirishani ni aibu inayojulikana na kila mtoto. Kumkodolea macho mtu aliyekaa barazani pake, kana kwamba naye ni nakshi ya mlango, hilo halikupata jina.

Je, jicho nalo lapaswa kubisha hodi? Swali hili ni gumu kuliuliza Shangani au Forodhani, kwa sababu huko jawabu limekwisha kuuzwa na fedha zimekwisha kutumika. Afadhali liulizwe mahali ambapo wageni bado ni wachache, na mwenyeji bado ana nafasi ya kufikiri kabla ya kufungua mlango. Mahali hapo ni Ufipa.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kusini magharibi mwa Tanzania, baina ya bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, mji uliokaa kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700 ambako mwezi wa Juni mtu wa pwani hutamani blanketi adhuhuri. Juu ya mji iko Milima ya Mbizi, na katika msitu wake wanaishi mbega wekundu waliobaki kwenye visiwa vya miti kama watu waliozingirwa na maji, ila maji yenyewe ni majani. Kwani Ufipa kwa sehemu kubwa ni nchi ya majani: vilima vya mviringo, mbingu kubwa, mahindi, ulezi na maharage. Mfipa wa zamani, aliyekosa miti ya kukata na kuchoma ili apate majivu ya kurutubisha shamba, alifukia majani chini ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba, yakaoza humo, na msimu wa pili akayatawanya matuta hayo na kupanda juu yake. Hiyo ni elimu ya kilimo iliyo kamili. Nayo haimo katika orodha yoyote ya vivutio, kwa kuwa mtazamaji anayepita garini huona vifungu vya udongo tu.

Mkoa huu ulikuwa na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye viboko na nyati wake, hata ulipomegwa mwaka 2012 na hifadhi ikaenda na mkoa mpya wa Katavi. Tangu hapo anayetaka kuisifia Rukwa kwa wageni hana budi kutafuta kitu kingine cha kuonyesha. Huenda msiba huo una heri ndani yake, kwani humlazimisha mtu kuuliza ana nini hasa.

Ipo sifa nyingine iliyoutangulia mji huu kila mahali, nayo si ya kuonekana kwa macho. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni amri: tupa uchawi. Masikio ya watu wa mbali yameishika sehemu ya pili ya amri na kuiacha ya kwanza, hata mji uliotaka uchawi utupwe ukawa ndio unaosimuliwa kwa uchawi, kwa mizaha ya ndani ya mabasi na kwa hofu ya watumishi wanaopangiwa kazi huko. Wapemba wanaijua dhulma ya namna hii. Nao wamesimuliwa hivyo na watu wasiopata kushuka Mkoani wala Wete. Kumbe inawezekana mahali patazamwe miaka na miaka bila ya kuonwa hata siku moja.

Hapa lugha yenyewe inafundisha jambo. Kiswahili kinatenga kutazama na kuona. Kutazama ni kazi ya jicho: mtu hulielekeza atakako. Kuona ni jambo linalomfika mtu. Huona baridi, huona njaa, huona uchungu, huona huruma. Na kuliko yote, huona haya. Hakuna anayetazama haya. Basi mtu anaweza kutazama sana asione kitu, na kipofu anaweza kuona haya kuliko mwenye macho mawili. Neno kivutio, ambalo limeenea katika mabango na hotuba, limetoka kwingine kabisa, katika kuvuta, nalo lamfanya mgeni kuwa kama ngalawa inayovutwa kwa kamba. Ikiwa amevutwa, hana lawama. Lawama ni ya kilichomvuta. Neno hilo limemwondolea mgeni dhima yake kwa ulaini mno, na pengine ndiyo sababu limependwa.

Yako mambo ambayo hayahitaji hodi, na ni haki yasemwe. Maporomoko ya Kalambo, pale ambapo mto wa jina hilo unapita mpakani mwa Tanzania na Zambia kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200. Upande wa Tanzania zimejengwa ngazi za kumshushia mgeni. Maji hayo hayajui kuwa yanatazamwa. Hayana faragha ya kuvunjwa wala haya ya kuonewa, na korongo wakubwa wanaotaga kwenye kuta za genge hilo wamewazoea wanadamu kwa mbali. Anayekwenda kuyatazama na aende, akiwa na viatu vya kupandia, na asisogelee ukingo.

Lakini hata hapo Kalambo, hatua chache juu ya maporomoko kwa upande wa Zambia, ardhi ilikuwa imeficha kitu. J. Desmond Clark alianza kuchimba hapo katika miaka ya 1950, akakuta zana za mawe na mabaki ya mbao za kale sana. Watafiti wakiongozwa na Larry Barham walirudi mwaka 2019, na mwezi wa Septemba 2023 wakatangaza katika jarida la Nature kuwa wamepata magogo mawili yaliyochongwa kwa makusudi, moja likiwa limekatwa pengo ili lilalie juu ya lenzake, na umri wake si chini ya miaka 476,000. Aliyeyachonga hakuwa binadamu wa aina yetu. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajadhihiri. Seremala wa zamani kuliko watu! Nayo mbao hiyo, ambayo mchwa humaliza mfano wake kwa misimu michache, ilidumu kwa sababu moja tu: ilikaa majini na matopeni, mbali na hewa, mbali na mkono. Siku ilipofunuliwa ikaanza kuwa hatarini, ikahitaji kurudishiwa unyevu na kutunzwa kama mgonjwa. Yaani kutoonekana ndiko kulikoihifadhi, na kuonekana ndiko kulikotupatia habari zake. Mambo haya mawili hayapatani, na mwenye kudai kuwa yanapatana hajafikiri vya kutosha.

Kutoka mtoni hapo, mwenye kupanda juu uwandani hukutana na kazi nyingine ya mikono, changa mno kwa kipimo cha Kalambo, na kwa kipimo cha heshima ndiyo kubwa kuliko zote Ufipa. Ni matanuri ya kuyeyushia chuma, malungu kwa lugha ya wenyewe. Moja ni ilungu. Ni mnara wa udongo, mpana chini na mwembamba juu, wenye kimo kinachokaribia au kupita mita 3. Chini umezungukwa na matundu, na mlango mmoja. Ulijazwa makaa na mawe ya chuma kutoka juu, ukawashwa, na tangu hapo ulivuta pumzi wenyewe: haukuhitaji mivuo wala mtu wa kuipiga. Urefu wa mnara ndio uliovuta upepo. Moto uliwaka kwa siku kadhaa, kisha bonge la chuma likatolewa, likapelekwa katika tanuri dogo la mivuo kusafishwa, na mwisho likafika kwa mhunzi likawa jembe, shoka au mkuki. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, aliiandikia historia ya chuma ya sehemu hizi tasnifu yake ya mwaka 1995, na kazi hiyo yaonyesha kuwa ufundi huu ulikuwa na aina zake na zama zake, wala haukuwa jambo moja lisilobadilika.

Sasa, tanuri hili halikujengwa litazamwe. Lilijengwa mbali na kijiji. Mafundi walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi. Dawa zilifukiwa chini yake kwa siri ya fundi mkuu, na tanuri lenyewe lilitendewa kama bibi harusi anayeandaliwa, kisha kama mama anayekaribia kujifungua. Chuma ndicho mwana. Asiyehusika hakusogea. Mwenye kuwaza juu ya jicho na hodi atatambua kuwa hapa palikuwa na mlango uliofungwa zaidi ya mlango wowote wa Mji Mkongwe. Ni nani aliyewahi kuruhusu bibi harusi atazamwe na wapita njia kabla ya kutolewa?

Waswahili wana methali ya pili, inayoisahihisha ile ya kwanza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ufipa ilikuwa mahali pa kutengenezea jembe hilo. Jembe la Kifipa lilibadilishwa kwa bidhaa nyingine na lilihesabiwa katika mahari. Kilichotokea baadaye ni kinyume cha methali, kwani safari hii mgeni ndiye aliyekuja na jembe: jembe la kiwandani, jepesi kwa bei, likashuka kutoka ng'ambo pamoja na utawala wa kigeni, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 malungu yakazimika moja baada ya jingine. Yakabaki yamesimama vichakani na mashambani. Mvua ya Ufipa ni nyingi. Udongo uliookwa kwa moto hustahimili, lakini haustahimili milele. Mengine yamebaki nusu, mengine kiduara cha chini tu, na mengine mtu asiyeambiwa huyadhania kichuguu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, ina jambo la kumstaajabisha msomaji wa visiwani. Mlango wa mbao uliochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940 unalindwa na sheria hiyo kwa jina lake. Jengo au kazi ya ujenzi huhesabiwa kuwa ya kale ikiwa ilisimamishwa kabla ya mwaka 1863. Tanuri lililojengwa mwaka 1890 basi haliingii kwa umri wake. Husubiri waziri alitangaze. Haisemwi hapa kuwa walioitunga sheria walikuwa na nia mbaya. Ila inaonekana wazi jicho lao lilikuwa limesimama wapi: lilisimama pwani, mbele ya mlango mzuri. Hata huko Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walijenga ngome wakaipa jina la Bismarckburg, gofu la boma la mgeni hutajwa kwa msafiri kwa wepesi kuliko tanuri la mwenyeji. Mawe yaliyopangwa huonekana ni historia. Udongo uliosimamishwa huonekana ni udongo.

Atasema mtu kwamba hivyo ndivyo ilivyo dunia nzima: mji hukumbukwa kwa mawe yake. Athens, mji mkuu wa Ugiriki, una kilima cha Acropolis kinachoonekana kutoka kila upande, na hekalu lake lilijengwa kwa marumaru ili lionekane hivyo. Huko hakuna siri ya kuvunja. Na bado, mwezi wa Septemba 2023, wenyewe walilazimika kuweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku na kuwagawa kwa saa, kwa sababu marumaru iliyostahimili vita na mizinga imeshindwa kustahimili nyayo za wapenzi wake. Ikiwa jiwe la Wagiriki limehitaji bawabu, udongo wa Wafipa utahitaji nini? Mtalii mmoja tu, mwenye hamu ya kupigwa picha juu ya mnara, anatosha kumaliza kazi ambayo mvua ya miaka mia haikuimaliza.

Kuna wanaosema kwa sababu hiyo kuwa heri malungu yasionyeshwe kabisa, yaachwe yafe kwa heshima yao. Hoja hii ina ladha nzuri midomoni mwa watu wasioishi huko. Kusitiri ni wema pale ambapo msitiriwa yuko hai na anataka kusitiriwa. Mafundi wamekwisha kuondoka. Mwiko uliolizunguka tanuri ulikuwa wa moto, na moto umezimika. Mtoto wa Sumbawanga anayesoma shuleni kuwa chuma kilivumbuliwa kwingine, ilhali nyuma ya shamba la babu yake umesimama mnara uliokuwa ukivuta pumzi bila mivuo, amedhulumiwa zaidi kuliko anavyodhulumiwa marehemu fundi kwa kutazamwa kazi yake. Tanuri na litazamwe, na wa kwanza kulitazama awe huyo mtoto. Jambo ambalo halistahili ni lile linaloanza kufikiriwa kila utalii unapotajwa: kuigiza ndoa ile ya siri kwa nusu saa mbele ya viti vya plastiki. Ufundi waweza kuonyeshwa, na umewahi kuonyeshwa kwa watafiti. Dawa za ndani ya kikapu cha fundi si ufundi wa kuonyeshwa.

Mpaka huo baina ya cha kuonyeshwa na cha kufichwa auweke nani? Wafipa wanayo hadithi inayohusu swali hili kwa ukaribu wa kushangaza. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa nao katika miaka ya 1960, ameieleza katika maandishi yake. Milansi, si mbali na Sumbawanga, palikuwa na mtawala wa kwanza wa nchi. Siku moja, mwenyewe akiwa mawindoni, walifika wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa. Nyumbani alikuwepo mkewe peke yake. Wageni walitaka kigoda cha utawala, na mke, kwa hofu, akakiachia. Mume aliporudi alikuta nchi imekwisha kupata wenyewe wengine. Hakupigana. Watwa wakatawala, na baadaye falme zao zikawa mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la ile ya kwanza lingali linasikika katika Wilaya ya Nkasi. Lakini Milansi yenyewe na mlima wake wa Itwelele vilibaki kwa wazawa, pamoja na ukuhani wa ardhi. Mgeni alipewa kigoda, hakupewa mlima.

Husimuliwa hadithi hii kueleza asili ya watawala, na wataalamu wameifumbua kwa njia nyingi za kitaalamu. Msomaji wa pwani ataiona kwa jicho lake. Ataona kwanza kuwa karibu iliyotolewa na mtu aliye peke yake na mwenye hofu si karibu. Mikataba mingi ya kukodisha fukwe imetiwa saini kwa namna hiyo, na mume akarudi kutoka mawindoni akakuta uzio. Kisha ataona kuwa mzawa wa Milansi, ingawa alishindwa, alijua kipi ni cha kuachia na kipi si cha kuachia. Hakudai vyote. Alichagua. Mtu asiyejua kitu chake kipi ni kigoda na kipi ni mlima hana la kumjibu mgeni abishaye hodi, hata mgeni huyo akiwa na adabu zote za dunia.

Na hapo pana lawama kidogo kwa wenyeji, si wa Ufipa tu. Hodi ina masharti mawili: mmoja abishe, na mwingine awepo wa kuitikia. Mgeni aliyeacha lami itokayo Tunduma akafika mbele ya ilungu lililozungukwa na mahindi hakuti bawabu, hakuti maandishi, hakuti mtu. Anaweza kuwa mwungwana kabisa akasimama hapo na hodi yake mdomoni, asijue aielekeze wapi. Mkulima ambaye tanuri limo shambani mwake ana njia tatu: kulivunja apate mistari minne zaidi ya mahindi, kulilima pembeni na kuliacha lilivyo, au kulifahamu na kuwa msemaji wake. Ya kwanza ina faida inayohesabika kwa debe. Ya tatu haijawekewa bei na mtu yeyote. Kumlaumu kwa kuchagua ya kwanza, wakati sheria imelipita tanuri lake na vitabu vya mwanawe havilitaji, ni kumtaka aone peke yake kitu ambacho nchi nzima imekitazama tu.

Yeye mwenyewe hayuko mbali. Ukilipa tanuri mgongo utaiona nyumba yake ng'ambo ya matuta, bati jipya juu na maharage yameanikwa uani, na njia nyembamba inayokwenda huko imekanyagwa na miguu yake.